Vadi ya kotmiri inanata ndani na kubomoka? Umeipika kama bajia

Dada mmoja wa Tanga kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shefu habari, nimejaribu kutengeneza kothimbir vadi, ile ya Kihindi ya kotmiri na unga wa dengu, unaipika kwa mvuke halafu unakata unakaanga. Nimefanya mara tatu. Ya kwanza ilinata ndani kama gundi, ya pili nikaongeza unga ikawa ngumu na kotmiri haisikiki kabisa, ya tatu nikatia bekingi soda ikatoka na madoa mekundu, nikaikata ikabomoka, kuitia kwenye mafuta ikanyonya mafuta yote. Bajia za dengu napika vizuri tu na watu wananisifia, sasa hii inanishinda wapi? Nataka niweke kwenye oda zangu za futari."

Nzuri dada yangu, na pole kwa unga uliopotea. Jibu umelitaja mwenyewe pale mwisho uliposema bajia unapika vizuri, maana tatizo liko hapo hapo. Mkono wako umeshazoea bajia, na bajia ni unga kwanza: unakoroga unga wa dengu na maji mpaka uwe uji mzito, unatia kotmiri na kitunguu na pilipili, unachota kwa mkono unadondoshea kwenye mafuta. Maji yakizidi kidogo kwenye bajia si kesi, mafuta ya moto yanayafukuza pale pale, yale mapovu yote unayoyaona ni maji yanatoka. Vadi iko kinyume. Vadi ni majani kwanza, unga unakuja kuyashikanisha tu, na maji yakizidi humo ndani hayana pa kutokea kwa sababu unaipika kwa mvuke na mvuke wenyewe ni maji. Yanabaki humo humo kwenye unga, na unga wa dengu ukishiba maji kupita kiasi unakuwa ile gundi uliyoipata mara ya kwanza. Ukijaribu kuirekebisha kwa kuongeza unga, unapata ya mara ya pili. Kwa hiyo mara mbili za kwanza umekuwa unapigana na kitu kimoja tu, maji, na ile ya tatu nitaifikia huko chini.

Mimi vadi nilijulia Pune, wakati nasoma kule India, na wanaoujua ule mji wanajua wanafunzi wa kutoka Afrika Mashariki wako wengi. Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kimarathi, sote tulikuwa tunamwita kaku, kwa Kimarathi ni shangazi. Msimu wa baridi kule kotmiri inakuwa bei chee, mafungu makubwa kama fagio la njiti, na kaku alikuwa akirudi na mawili matatu basi jioni ujue kuna vadi na chai. Siku ya kwanza nilipomuomba anifundishe nilikuja na daftari, nikamuuliza unga vikombe vingapi. Hakunijibu. Aliniwekea mbele yangu sinia la majani yaliyokatwa, akachota unga kwa mkono akanyunyizia juu kama mtu anayenyunyiza chumvi, akachanganya, akakamata konzi moja akaiminya, akafungua kiganja akanionyesha. Majani yalikuwa yameshikana lakini bado unayaona moja moja, na kwenye lile donge alama za vidole vyake vyote vinne zimebaki. Akaniambia kotmiri ndo inasema inataka unga kiasi gani. Kibakuli cha maji kilikuwa pembeni kwa kunawia mikono tu, kwenye donge halikuingia hata tone.

Na jina lenyewe linakwambia hivo hivo. Kothimbir ni hii hii kotmiri yetu, Wagujarati wanasema kothmir, na sisi wa pwani neno tumelipata kwa Wahindi waliokaa na sisi miaka na miaka Zanzibar, Tanga, Mombasa, ambao wengi wao ni Wagujarati na Wakachi. Bara wengine wanasema giligilani na Kenya wanasema dania. Vadi ni kile kipande kinachokatwa. Kwa hiyo ni vipande vya kotmiri, unga hata haujatajwa kwenye jina.

Sasa twende kwenye unga kwanza kabla sijaja kwenye majani, maana hapo kuna watu watapotea. Tunaongelea unga wa dengu kwa maana ya Tanzania, yaani zile mbegu zenye kidomo, zinazolimwa sana Shinyanga, Mwanza, Simiyu huko kwenye udongo mweusi wa mbuga, zinapandwa mvua zikielekea kuisha na zinakua kwa unyevu uliobaki ardhini, na nyingi zinauzwa India. Wakenya mtakaosoma hapa angalieni, kwenu ndengu ni kitu ambacho huku tunaita choroko, na unga wa choroko utakupa kitu kingine kabisa. Nyie ulizieni besan, au unga wa chana. Huo unga unatokana na dengu ndogo zenye ganda la kahawia, zinakobolewa zinapasuliwa halafu ndo zinasagwa, unakuwa wa manjano mpauko na ukiupaka kati ya vidole unaukuta laini na unanatia kidogo. Uonje kwa ncha ya ulimi kabla hujanunua mwingi kama ni wa kupima. Unga mbichi wa dengu una uchungu fulani wa kijani, huo ni wa kawaida na unaisha ukiiva, ila ukisikia harufu ya mafuta yaliyokaa huo umeshaharibika, dengu zina mafuta kidogo ndani yake na unga ukikaa muda mrefu kwenye joto yanachacha. Hakuna kiungo kitakachoficha hiyo ladha. Mimi nilishawahi kupoteza oda ya sinia mbili kwa unga wa namna hiyo, nilinunua haraka haraka bila kunusa, nikajua kosa mteja aliponirudishia sahani imejaa.

Na lazima uuchekeche. Unga wa dengu una tabia ya kufanya vidonge vidonge, na kwenye vadi hutakuwa na maji ya kuviyeyusha, kwa hiyo kidonge kikiingia kinabaki kidonge kikavu mpaka mdomoni.

Haya, kotmiri. Hapa ndo pa kutulia, usiparuke. Tafuta fungu lenye majani mabichi yasiyo na manjano, kata mizizi na ile sehemu ya chini ya vijiti iliyo ngumu, lakini vijiti laini vya juu usitupe hata kimoja, harufu iko humo kuliko hata kwenye majani. Osha kabla ya kukata. Narudia, osha kabla ya kukata, ukikata kwanza ukaosha baadaye harufu yote inakwenda na maji na vipande vinabeba maji ambayo huwezi kuyatoa tena. Tumbukiza fungu zima kwenye beseni la maji, lisukesuke, liinue juu, mwaga, rudia mpaka chini ya beseni usisikie mchanga ukipitisha kidole. Halafu likung'ute kwa nguvu, kama mtu anakung'uta khanga ya kuanika, na utandaze majani kwenye kitambaa kikavu au taulo safi, kwenye kivuli palipo na upepo. Saa moja ni kidogo, masaa mawili ndo vizuri, na huku pwani wakati wa unyevunyevu mie naosha asubuhi ndo nipike jioni. Kagua kwenye vifundo pale vijiti vinapogawanyika, maji yanapenda kujificha hapo. Nina uhakika wa asilimia mia kwamba gundi yako ya mara ya kwanza nusu yake ilitokana na majani mabichi ya maji, na nusu nyingine ni yale maji uliyoyatia mwenyewe.

Kisu kiwe kikali. Hili watu wanalichukulia poa lakini kisu butu hakikati kotmiri, kinaiponda, na ukiona kibao cha kukatia kimekuwa kijani na kimelowa basi ujue juisi ya majani ishatoka na sasa itaenda kulowesha unga. Kibao kikibaki karibu kikavu umekata vizuri. Kata ndogo lakini usisage, na blenda kaa nayo mbali kabisa.

Kwa kuanzia nakupa vipimo, maana wewe huna kaku wa kukusimamia, ila vichukue kama mahali pa kuanzia tu. Kotmiri iliyokatwa vikombe 3, umeibana kidogo tu kwenye kikombe usiishindilie. Unga wa dengu kikombe 1 na robo, lakini uuweke pembeni usiumwage wote. Unga wa mchele vijiko 2 vya chakula, huu unasaidia ukikaanga nje iwe inalia krach, unga wa dengu peke yake unakaukia lakini haukoleki hivo. Ufuta mweupe vijiko 2 vya chakula. Bizari nyembamba ya mbegu kijiko 1 cha chai, iponde kidogo. Manjano nusu kijiko cha chai, pilipili ya unga kijiko 1 cha chai au kwa mapenzi yako. Tangawizi, thomu punje 4 au 5 na pilipili mbichi 2, twanga pamoja kwenye kinu, usitie maji kwenye kutwanga. Sukari nusu kijiko cha chai, maji ya ndimu kijiko 1 cha chakula, chumvi kijiko 1 cha chai kasoro kidogo. Na mafuta kijiko 1 cha chakula, yapashe mpaka yawe moto kweli ndo uyamwagie kwenye unga mkavu, usugue kwa vidole yakishapoa kidogo, hayo yanafanya vadi iwe na wepesi ndani badala ya kuwa kama sabuni.

Kuna kitu kingine kaku hakuwa anaacha, ni mvuje. Ndio, mvuje huu huu ambao bibi zetu wanamfungia mtoto mchanga kwa ajili ya jicho na mashetani. Wahindi wanauita hing na wanautia kwenye karibu kila chakula cha jamii ya dengu kwa sababu wanaamini unapunguza gesi. Tia pembe ya kijiko tu, ukizidisha chakula chote kinanuka mvuje. Ukinunua wa mawe wa dukani kwa wauza dawa usage vizuri, ukipata wa unga kwenye maduka ya Wahindi huo huwa umeshachanganywa na unga na si mkali sana. Ukikosa, acha tu, vadi itatoka.

Namna ya kuchanganya ndo itakayokuokoa. Weka majani kwenye sinia pana au beseni, tia viungo vyote isipokuwa chumvi na ndimu, changanya. Nyunyizia unga wa dengu kama robo tatu ya ule ulioweka pembeni pamoja na wa mchele wote, changanya kwa ncha za vidole, kila jani lipate vumbi la unga. Sasa ndo unatia chumvi na ndimu, na hapa uwe sufuria yako ya mvuke imeshaanza kuchemka, kwa sababu chumvi ikigusa majani yanaanza kutoa maji saa hiyo hiyo. Nimeona watu wanatia chumvi, halafu simu inaita, wanarudi baada ya dakika ishirini wanakuta donge limekuwa uji na hawajatia hata tone la maji, wanadhani wamelogwa. Chumvi imevuta maji kutoka kwenye majani, basi. Kwa hiyo ukishatia chumvi ni kazi moja kwa moja, minya minya kwa mkono dakika moja au mbili, utaona lenyewe linaanza kushikana. Kama bado linapukutika, subiri dakika mbili uminye tena kabla hujafikiria maji. Kama hata hapo halijashikana, chovya vidole kwenye maji ukung'utie juu, vidole tu sio kikombe. Kama linanata sana kwenye kiganja, rudishia ule unga uliobaki kidogo kidogo.

Unataka donge lilivyo? Laini kuliko la chapati, gumu kuliko la kalimati. Ukikamata konzi likabaki na alama za vidole na haliporomoki, na kiganja chako kina mafuta mafuta kidogo ila hakijapakwa uji, hapo hapo simama. Ukiliangalia linatakiwa lionekane kijani chenye unga, ukiona ni manjano yenye vidoa vya kijani hiyo ni bajia tayari.

Paka mikono mafuta, viringisha magogo, unene wa gunzi la mhindi, si zaidi, kama sentimita 4 au 5 hivi. Ukifanya manene kama mkono wa mtu nje yataiva na katikati yatabaki mabichi, na ladha ya unga mbichi wa dengu kwenye kitu kilichopikwa inakera sana. Wengine badala ya magogo wanashindilia kwenye sahani ya bati iliyopakwa mafuta, unene wa sentimita 2, wanakata almasi kama kashata. Zote sawa, kwa oda mimi napenda sahani kwa sababu vipande vinalingana.

Huhitaji chombo maalum cha mvuke. Sufuria kubwa, ndani weka kibakuli cha chuma ukipindue, maji yawe chini ya usawa wa kibakuli, juu yake unakalisha sahani yenye vadi. Maji yawe yanachemka kweli kabla hujaweka, ukianza na maji ya baridi donge linakaa kwenye unyevu wa vuguvugu linalowa kabla halijaanza kuiva. Na mfuniko ufunge kwa kitambaa kwa ndani, fundo juu, maana mvuke unagonga mfuniko unageuka matone yanakudondokea juu ya vadi, na hayo nayo ni maji, yale yale tunayoyakimbia tangu mwanzo. Magogo dakika 20, sahani ya sentimita 2 dakika 15 hadi 18. Choma katikati kwa kijiti cha meno, kikitoka kikavu au na punje kidogo basi, kikitoka na ute ongeza dakika 5. Zima, acha dakika 5 humo humo, ndo utoe.

Halafu usiguse. Hapa ndo ya tatu yako ilipobomokea. Wanga na protini ya dengu vikiwa moto bado ni laini, vikipoa ndo vinakaza na kushikana, ni kama ugali ukiwa moto na ugali wa jana uliolala, huo wa jana unaweza kuukata kwa kisu ukasimama. Unga wa dengu hauna ile gluteni ya ngano ya kuvuta, kinachoshika vadi ni huko kupoa. Saa nzima nje, au ikishapoa iweke kwenye friji hata usiku kucha, na mimi nakwambia ya friji inakatika vizuri zaidi. Kata kwa kisu chembamba, upana wa sentimita 1, kila baada ya vipande viwili vitatu futa kisu.

Sasa bekingi soda na madoa mekundu. Hayo madoa si uchafu na si unga mbovu, ni manjano. Manjano ikikutana na kitu cha aina ya magadi, na bekingi soda ni ndugu yake, inageuka rangi inakuwa nyekundu ya kahawia, na ikikutana na ndimu inabaki njano yake. Wahindi wanaijua hiyo siku nyingi, ile kumkum nyekundu wanayoweka kwenye paji la uso, ya asili inatengenezwa kwa manjano na chokaa. Soda yako haikuchanganyika vizuri kwa sababu donge ni zito, ikabaki vidonge vidonge na kila kidonge kikapaka manjano iliyokizunguka. Lakini hata ingechanganyika vizuri mimi ningekwambia uiache. Soda inafanya matundu, matundu yanafanya vadi iwe ya kupukutika ukikata, na ukikaanga yale matundu ndo yanajaa mafuta, ndo maana ikanyonya namna ile. Kinachotakiwa kuvimba na kuwa na matundu ni dhokla, ile keki ya njano ya Wagujarati. Vadi inatakiwa iwe imeshikana.

Kukaanga si lazima mafuta mengi. Kikaango, mafuta yafike nusu ya unene wa kipande, moto wa kati. Dondosha chembe ya vadi, ikizama kidogo na kupanda juu na mapovu pole pole, tayari. Ikizama ikakaa kimya mafuta bado, na ukiweka vipande hapo vitanywa mafuta wakati vinasubiri kupata moto. Ikipanda kwa kishindo na kuwa nyeusi mafuta yamezidi, na kotmiri inaungua haraka, ikiungua inakuwa chungu. Weka vipande vyenye nafasi, usivijaze, dakika 3 hivi kila upande, usivigeuze geuze, geuza mara moja tu pembeni pakishaonyesha wekundu wa dhahabu. Ufuta utarukaruka kidogo kwa hiyo simama mbali. Kwa sababu ndani pameshaiva, unachotafuta hapa ni ngozi tu.

Asiyetaka kukaanga kuna njia ya phodni, ndo Wamarathi wanavyoita kule kuchemsha viungo kwenye mafuta. Vijiko viwili vya mafuta, mbegu za haradali zikianza kupasuka tia ufuta na mvuje, zima moto, mwagia juu ya vipande vya mvuke. Kwa mtu wa presha au aliyechoka na vya kukaanga kwenye futari ni nzuri sana, ingawa kusema kweli mimi binafsi nataka ile ya kukaangwa, ule ukali wa nje na ulaini wa ndani ndo nilioupenda kwa kaku.

Na siku ukikosea tena ukatia maji mengi, usimwage na usiongeze unga. Liongeze maji makusudi, kuna nyumba nyingi Maharashtra wanapika hivo kabisa toka mwanzo. Kikombe 1 cha unga wa dengu kwa kikombe 1 na nusu cha maji na viungo vyako, weka kwenye sufuria yenye mafuta kidogo, moto mdogo, tia majani, songa na mwiko bila kuacha kama unasonga ugali, utaona linakuwa zito, linang'aa, halafu linaanza kuachana na sufuria. Funika dakika 5 liive kabisa. Mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, lisawazishe kwa mgongo wa bakuli, acha lipoe, kata, kaanga. Inatoka laini zaidi kuliko ya mvuke na majani yanaonekana machache, lakini hasara huna. Tofauti ni kwamba hapa maji ulishayapikia yakatoka kwa moto, ndo maana haigeuki gundi.

Umeniuliza pia pembeni kama unaweza kutumia majani mengine. Majani ya uwatu yanafaa, ukitumia hayo changanya na unga wa ngano au atta (unga wa ngano usiokobolewa) kidogo, Wagujarati wanafanya hivo kwenye muthia, na wale wa huku kwetu ndo hiyo wanaijua zaidi kuliko vadi. Jina limetokana na konzi, kwa sababu unaminya kwa ngumi unapata umbo. Uwatu ni mchungu kwa hiyo sukari iongezeke. Mchicha sikushauri kwa kuanzia, una maji mengi mno. Majani ya magimbi yana chakula chake kingine kabisa, alu vadi, yanapakwa unga wa dengu yanakunjwa kama mkeka na lazima uwe na ukwaju maana yanawasha koo, hiyo tutaongea siku nyingine.

Kwa oda za futari hii kitu itakufaa kuliko hata bajia, kwa sababu bajia lazima ukoroge na kukaanga saa ile ile. Vadi unapika mvuke siku moja, ikipoa unaifunga vizuri isikauke, friji siku 3 haina shida. Friza inakaa mwezi, ila kata vipande kwanza uvigandishe vikiwa vimeachana kwenye sinia ndo uvitie kwenye mfuko, na ukivitoa kaanga moja kwa moja bila kuvisubiri viyeyuke, vikiyeyuka vinatoa maji juu na mafuta yatakurukia. Saa kumi na moja jioni unawasha kikaango, saa kumi na mbili mteja anachukua ya moto. Chatne ya kotmiri na ndimu pembeni, au hata ya ukwaju na tende, watu wa Tanga wataipenda hiyo.

Anza na fungu moja la kotmiri, usirudie nusu kilo ya unga. Ukimaliza kata kipande kimoja katikati, kipige picha kwa karibu unitumie, nikiona ndani nitajua kama majani yalikauka.